Lililoziba

Lomayani aliniuliza mara mbili, spana mkononi,
"Una hakika? Otomatiki hii bado inatembea."
Inatembea, nikamwambia,
kama mtu mzima anayeshikwa mkono kuvuka barabara.

Unga Limited, saa mbili asubuhi.
Vumbi la kinu limelala juu ya boneti.
Celica ya sabini na saba, rangi ya chai ya maziwa,
urithi wangu mimi, mtoto wa kike;
kihamba walichukua baba wadogo.

Pembeni, juu ya gunia, giaboksi ya Altezza:
gia sita, milioni moja na laki nne baada ya kuvutana,
imetoka Dar kwenye buti ya basi
na bado inanuka dagaa wa jirani yake wa safari.

Haikukubali upesi.
Mdomo wake haukulingana na shingo ya injini.
Sumari wa mashine ya kukereza akachonga sahani ya kuunganisha,
akakosea milimita mbili, akachonga nyingine
huku akiulaumu umeme.
Propela ikapunguzwa kiganja kimoja.
Pedali ya klachi tuliitoa kwenye Hilux iliyopinduka Kisongo,
raba yake imelika upande mmoja
kwa kiatu cha mtu tusiyemjua.

Siku ya nne tuling'oa kapeti
ili grinda ifungue njia ya mkono wa gia.
Lomayani akaiwasha, akaizima.
"Dada, njoo uone. Hapa pameshakatwa."

Bati la mraba, upana wa sahani ya wali,
limechomelewa kwa haraka, pembe moja imeungua,
limepakwa rangi kwa brashi.
Na mbele, chini ya usukani,
matundu mawili ya bolti yamezibwa kwa lami:
mahali pa pedali.

Baba yangu, ambaye sikumjua ila akichechemea,
alisema gari hili lilizaliwa hivi,
gia zinajibadili zenyewe, mguu mmoja unatosha.
Watu husema kubadili gia angani.
Yeye aliibadilia ardhini, kwa moto wa kuchomelea,
akafunika kapeti,
akafumba na mdomo.

Nikampigia mama.
Kimya, hadi nikadhani vocha imekwisha.
Halafu: "Kikafu. Kabla hujazaliwa.
Waambie wakaze bolti vizuri."

Lomayani hatupi chuma.
Lile bati alilikata, akalitoboa,
akalifanya kikalio cha krosmemba.
Lililoziba, sasa ndilo linalobeba.

Jumamosi nilizima getini mara tatu.
Vijana wa pancha wakanipigia makofi.
Mguu wangu wa kushoto, mgeni rasmi asiyeijua ratiba,
ulitetemeka juu ya klachi ngumu kama ugali wa jana.
Mara ya nne likaondoka.

Mama alinisubiri Tengeru, sokoni, na ndoo ya parachichi.
Akapanda, akafunga mkanda, akautazama mkono wa gia
kama anavyotazamwa mdeni aliyehama bila kuaga.
"Sita ya nini? Kila kibao hamsini,
na nyuma ya kila mti trafiki na tochi."

Ya sita niliitia mara moja tu,
tulipoipita njia panda ya uwanja wa ndege,
mlima umejifunika, lami tupu.
Injini ikashusha sauti
kama mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa.
Hatukusema kitu.
Parachichi ziliacha kugongana ndani ya ndoo.

Tulipoiacha Bomang'ombe nyuma
mama aliweka kiganja chake juu ya changu,
juu ya kirungu cha gia,
akavuta kabla sijavuta.
"Nne," alisema. "Tatu.
Klachi, mwanangu. Klachi.
Mbele pale kuna daraja."