Glavu ya Msumarini

Waniuliza nani zaidi.
Kila Jumamosi waja na suali hilo hilo
na kiatu kisichokatika
ili usionekane huna shughuli.
Haya, keti. Si hapo, hapo pana gundi.

Sefu Mwakileo sikumuona ulingoni.
Nalimsikia redioni kwa jirani, nikiwa mtoto;
betri zikazima raundi ya sita,
tukamalizia pambano wenyewe kwa mdomo.
Majengo nzima ilimtangaza mshindi
kabla ya refa kule Tononoka.
Lakini glavu zake nimezishika,
marehemu baba akizishona, mimi nikiutia uzi nta.
Watu wasimulia ule mkono wake wa kulia: radi, wasema,
ulimlaza mtu akaamka siku ya pili.
Ngozi yasema mengine.
Ya kulia ilikuwa nzima kama kiatu cha bwana harusi.
Ya kushoto ndiyo iliyoliwa
hadi manyoya ya farasi yakachungulia.
Kazi aliifanya kushoto, sifa zikaenda kulia.

Mapambano arubaini na moja, alishindwa mawili.
Usinipigie hesabu. Nusu yao walikuwa mabaharia
walioshuka melini asubuhi, sakafu bado yawayumbia.
Na usimcheke pia:
Ijumaa kutwa amebeba magunia Kilindini,
Jumamosi apanda ulingoni na mgongo ule ule.

Kizito Odera alishindwa kumi na moja.
Ndiyo, kumi na moja. Tazama lakini na nani,
na wapi: ugenini, kwa majaji wa mwenyeji.
Usiku mmoja alinigongea, Mwembe Tayari imeshafungwa,
akataka nimpunguzie glavu ya kulia kiganjani.
Kidole cha kati kilikuwa hakikunjiki tena.
Akasema, fundi, hili libaki na sindano na uzi.
Akapigana miaka minne na siri ile.
Leo nakwambia kwa kuwa yeye keshatangulia
na wewe bado wamwita mwoga, mkumbatiaji.

Alipostaafu aliniletea mkanda wa ubingwa,
huo huo, wenye tai wa shaba,
niuongeze tundu mbili. Tumbo lilikuwa limemshinda.
Alitaka kuuvaa harusini kwa bintiye.
Nikatoboa. Sikumtoza.

Na huyu Riziki Chengo wa Kisauni,
tisa kwa tisa.
Glavu zake si ngozi; sindano ikipita, ufa waifuata.
Mimi simfai kitu.
Ngumi yake ile ya ubavuni mwairudisha nyuma kwenye simu
mara hamsini, polepole,
mpaka mwaona kosa la mguu.
Ya Sefu haikurudishwa na mtu.
Ilipigwa mara moja ikaingia vinywani,
na humo imekula, imenenepa.
Wapimaje kilichonenepa na kilichopigwa picha?

Wiki jana alipita, ana safari ya Nairobi,
akaiona ile pale msumarini, ya kushoto.
Ya nani? Nikamwambia.
Akanyamaza, akaomba kuijaribu.
Haikuingia.
Ilikwama vifundoni, akasukuma, ikakataa;
na huyu ni msichana wa kilo hamsini na nne.

Miaka yote imening'inia juu ya kichwa changu
na sikuwahi kuiona.
Sefu alikuwa na mkono mdogo.

Riziki alicheka. Kisha akaacha kucheka,
akaigeuza, akainusa ndani.
"Basi huyu aliumia," akasema,
"kila alipopiga."
Akairudisha msumarini, mdomo ukitazama ukuta,
na mimi sijaigeuza.

Suali lako?
Nipe hicho kiatu.
Hakijakatika. Nitakishona hivyo hivyo.