Mguu wa Nyuma, wa Kushoto

Tartu, Februari. Theluji imepanda hadi dirishani.
Chini ya darubini ya Aliide Kuusk
yupo kiruka-nyasi mdogo kuliko punje ya mtama,
milimita mbili na nusu, na mabawa
yasiyofika hata mwisho wa tumbo.

Anaanzia kichwani, kama alivyofundishwa.
Vipapasio vimeota chini ya macho, si juu:
hapo ndipo ukoo mzima unapotambulika,
kama watu wa nyumba moja kwa pua zao.
Kisha mguu. Umebaki mmoja wa nyuma, wa kushoto.
Mwishoni mwa muundi kuna kipi, kama cha jogoo,
ila hiki kinacheza, kipana, chenye meno ukingoni.
Anayahesabu. Kumi na saba.
Anayahesabu tena, kwa sauti.
Kumi na saba.

Jenasi aliyopewa haizidi kumi na mawili.

Hapa hakukisiwi. Tumbo linachemshwa kwenye magadi makali
hadi nyama iyeyuke, linalazwa ndani ya tone la gliserini,
na sindano inafunua siri ya dume:
mrija uliopinda kama kulabu,
miiba miwili kulia, kushoto hamna kitu.
Ufunguo huu si wa kufuli lile.

Lebo ina wino wa bluu, mkono wa mwalimu wake,
marehemu Endel Raudsik:
Kinamasi. Nyasi-pamba. Julai 1961.
Akambatiza mdudu jina la Hilja,
na Hilja yu hai, mtaa wa tatu kutoka hapa,
huleta mkate mweusi kila Ijumaa.

Sheria ni hii: jina la spishi halifi.
Linahama na mwenyewe
kama mwali na sanduku lake.
Lakini mdudu akishahamishwa jenasi,
aliyembatiza hutiwa ndani ya mabano.
Aliide anaandika mabano. Anayafuta. Chai inapoa.

Ijumaa Hilja anavua glavu, anainama darubinini.
“Ndiye mimi huyu?”
“Ndiye. Amehama nyumba tu.”
“Na mguu mwingine?”
Aliide hajui.
“Aliuvunja yeye,” anasema bibi, jicho bado kwenye kioo.
“Mkono ulimtetemeka. Mimi nilikuwa nimeshika chupa,
sijamjibu bado.”

Aliide anachukua kalamu.
Kwenye maelezo, baada ya idadi ya meno, anaongeza:
mguu wa kulia, haupo.
Sababu haandiki.