Swali la Arobaini na Moja

Saa tano usiku, Thunder Bay,
theluji imeziba nusu ya dirisha la jikoni.
Raili amesogeza sahani, amefungua daftari.
Mtihani ni Jumamosi.

*Mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi, miaka hamsini na miwili,
amekatika vidole viwili vya mkono wa kulia.
Hatua ya kwanza ya kumrejesha kazini ni ipi?*
A. Kupitia ripoti ya daktari
B. Kuchambua majukumu ya kazi yake
C. Kukutana na chama cha wafanyakazi
D. Yote hayo

Kalamu inasita.
Huyu anamjua, si mtu wa kitabuni.
Ni Toivo Lahtela, mashine namba tatu.
Siku ile Raili alimsomea fomu kwenye simu,
kipengele kwa kipengele,
naye akasikiliza hadi tamati, ndipo akasema:
"Glavu zenu zina vidole vitano.
Viwili vinaning'inia vitupu, vinanaswa na kila kitu.
Nani atanishonea?"

Glavu haina herufi.

Alizishona mwenyewe, kwa uzi wa viatu,
mishono imekwenda upogo.
Toivo alizivaa bila neno, akaingia zamu ya alfajiri.
Kwa hilo hakuna maksi.

Chai imepoa. Anazungushia D,
maana Jumamosi watataka D,
na cheti anakihitaji: asiye na cheti,
meneja humkata kauli mkutanoni.

Ila pembeni, kwa penseli, anaongeza ya tano:
E. Uulize mkono.

Anaitazama kitambo.
Kisha anaifuta,
kidole chake kisije kikaizoea.