Sharti la Wino

Ghorofa ya tatu, Sohar. Kiyoyozi kinakoroma.
Bwana Ghalib anataka ripoti ijisome yenyewe:
waliotimiza saa nane za kazi, namba iwe ya kijani;
wasiotimiza, iwe nyekundu.
Nikaandika sharti, mstari mmoja tu,
na namba zikavaa sare.

Mwezi wa sita ulichipua kama mahindi machanga.
Wa saba ukaja na amri yake: adhuhuri, juani pasifanywe kazi.
Nikafungua jedwali, limeiva pilipili,
toka Biswajit hadi Yohannes, safu nzima.
"Wavivu hawa," Bwana Ghalib, kidole kiooni.
Si wao, nikamwambia, ni jua.
Sharti langu halijui joto,
linajua kubwa na dogo.

Nikashusha nane ikawa sita. Kijani kikarudi,
naye akaniita fundi.

Nami nilijiona fundi kweli,
hadi mstari wa kumi na tisa:
Mwachiro wa Kinango,
aliyebisha hodi Jumanne akiomba barafu,
tukachekana Kiswahili,
changu cha bibi yangu wa Unguja, chake cha bara ya Kwale.
Kisanduku chake cha Alhamisi kitupu.
Si sufuri. Kitupu.
Na pasipo namba, wino utashika wapi?

Nimepiga simu hospitali mara mbili. Inaita tu.
Nimebofya pale; kishale kinapepesa, kinapepesa,
kinasubiri nitaje kitu
kijue kimpake rangi gani.