Kioo Namba 417

Waliileta Jumanne, nyuma ya pikipiki,
imeviringishwa kanga vumbi la Sikonge lisiiguse:
simu yenye mguu wa plastiki
inayotua juu ya jicho la darubini yangu
kama kunguru juu ya paa la bani.

"Weka kioo, mzee Mihayo. Dondosha mafuta. Bonyeza."
Mzee! Nina hamsini na mbili tu, Sabina,
na ishirini na sita nimezitumia humu, zahanati ya Ipole,
jicho la kushoto nimelifumba,
nikihesabu seli nyeupe hadi mia mbili,
kidole gumba kwenye kaunta, ka, ka, ka,
hata usingizini mke wangu hunishika mkono
aniambie, acha, wamepona.

Ikahesabu kabla sijafunga chupa ya mafuta.
Vimelea elfu nne mia mbili na kumi.
Mimi nilipata elfu nne na kitu,
kwa dakika ishirini na maumivu ya shingo.
"Haichoki," Sabina alisema, bila ubaya.
Kweli. Haina tumbaku ya kuvuna,
haijakesha msibani, haidai posho.
Waliokuwa wakilala barazani wakingoja majibu ya kesho
sasa wanarudi na dawa mkononi jua halijafika utosini.
Nani atanung'unika?
Labda mimi, kidogo,
kama mtu aliyepishwa kiti
wakati bado anataka kusimama.

Ngoja nikiri jambo.
Nyuma ya chupa za Giemsa
kuna kisanduku, zamani kilikuwa cha asali.
Ndani yake kioo kimoja. 417.
Mwaka ule mvua ilikata barabara,
betri ya sola ilikuwa inakufa,
nami niko peke yangu, kioo cha sitini na tatu siku ile.
Nyamizi, miaka mitatu, binti wa Kalunde.
Niliandika daftarini: HAKUNA VIMELEA.
Mwandiko mzuri. Bado upo.

Alfajiri ya tatu Kalunde alipita dirishani
amebeba kitu kilichofunikwa.
Tangu hapo tukikutana gulioni hunisalimu, mwangaluka,
hunipimia viazi, kisha huongeza kimoja juu.
Hicho kimoja ndicho kinachonikaba.

Alhamisi usiku nilikitoa.
Nikakifuta kwa pindo la koti.
Dondosha mafuta. Bonyeza.
Duara likazunguka kwenye skrini, likazunguka,
moyo ukihesabu badala ya kaunta.
Nilitaka izione zile pete ndogo, kila moja na kito chake chekundu,
niitwe mkosaji, nipumzike.
Nilitaka isizione.
Nilitaka yote mawili kwa pumzi moja.

Maandishi yakaja, ya kijani, yenye adabu:
Rangi imefifia. Sampuli haisomeki.
Tafadhali chukua damu upya.

Nilicheka. Sauti yake sikuipenda.

Asubuhi Sabina akauliza,
"Saa tano na robo usiku kuna jaribio moja. Ulikuwa wewe?"
Kumbe nayo ina daftari.
Nikasema, nilikuwa najifunza.
Hakuuliza zaidi; akanimiminia chai.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mtoto wa mchoma matofali,
macho mazito, kaptula moja na kaka yake.
Mashine ikatazama: hakuna.
Nikaiondoa mguu wake wa plastiki,
nikafumba jicho la kushoto,
nikapita uwanja kwa uwanja, polepole, hadi mia tano.
Hakuna.
Safari hii tulikuwa wawili wa kutoona.

Hata hivyo nilimfuata mama yake hadi kwenye ngazi.
Kesho umrudishe, nikamwambia, hata akiamka anacheza.
Na homa ikipanda usiku usingoje kupambazuke.
Nyumba yangu ni ile pale,
yenye mlango wa bati.
Gonga kwa nguvu.