Meza ya Birere

Nilidhani nguvu ni mali yangu:
miaka sita na chukudu,
viazi magunia manne, Kibumba hadi Birere.

Masika, fundi cherehani, ananifika begani,
akatua kiwiko mezani, uzi kaubana menoni,
akakitafuta kwanza kidole gumba changu.
Sikuelewa.
Refa kusema "haya",
mkono wangu umeshalala.

"Umekuja na mkono," akaniambia,
"mgongo umeuacha nyumbani."

Basi kila jioni nafunga kamba kwenye jiwe la volkano,
nakunja kiganja, navuta polepole,
kiwiko kinalia kama gurudumu lisilo na mafuta.
Mke wangu anacheka: jiwe limekukosea nini?

Jana tukarudi mezani.
Moja. Mbili. Tatu, bado nimesimama!
Masika akautema uzi,
ndipo akanilaza.