Ndiyo au Hapana

Saa saba za usiku, Owensboro, Kentucky.
Pampu namba nne mbovu tangu Jumanne
na mimi nahesabu peremende.
Pakiti arobaini na moja: za tikiti maji, za nanasi,
na zile za kijani zenye picha ya chura anayecheka
kana kwamba anajua jambo ambalo sijaambiwa.

Juu ya pakiti wameandika: katani.
Katani!
Mimi mtoto wa Muheza,
baba yangu alikata mkonge mpaka miiba ikamzoea.
Katani niliyokua nayo ni kamba, ni gunia, ni brashi ya kusugulia sakafu.
Hakuna aliyewahi kuitafuna
akacheka peke yake mbele ya friji ya soda.

"Si katani hiyo," Jignesh mwenye duka alinieleza
siku yangu ya kwanza. "Hii ni ndugu yake bangi."
Basi ni bangi?
"Si bangi. Kile chenyewe hakizidi sehemu tatu kwa elfu."
Basi hailevyi?
Akatazama dari.
"Inalevya," akasema, "lakini kisheria."

Tangu hapo rafu imehama mara tatu.
Mwezi wa nne walikuja watu wa kaunti: ziwekwe nyuma ya kaunta.
Mwezi wa saba likaja katazo,
tukazipanga katika maboksi ya ndizi,
tukazisukuma stoo, nyuma ya chumvi ya kuyeyushia barafu.
Siku ya tisa jaji akalizuia katazo.
Nikazitoa, nikazipangusa vumbi
kama wageni waliofika usiku na mizigo yao.
Sasa kuna barua nyingine,
imebandikwa kwa selotepu juu ya mashine ya kahawa.
Kurasa mbili. Nilichoelewa ni neno moja: subirini.

Bi Earlene huja Ijumaa.
Miaka thelathini ya kusimama kiwandani, magoti yamekwisha.
Hununua za tikiti maji, humega nusu kwa kisu cha siagi,
hulala. Hivyo tu.
Huniletea mkate wa mahindi ndani ya foili, ungali moto.

Na yupo mtoto wa jirani yangu, miaka minne,
aliyemkuta yule chura ndani ya mkoba wa mama yake.
Alilala hospitali saa kumi na nane.
Alipoamka, aliomba pipi nyingine.

Nayasema haya yote kwa sababu ya fomu.
Fomu ya uraia. Iko hapa, chini ya mashine ya kadi.
Wanauliza kama umewahi, popote, wakati wowote,
kuuza dawa za kulevya.
Visanduku viwili:
Ndiyo.
Hapana.

Miezi kumi na minne nimesimama nyuma ya kaunta hii.
Leo, hapana. Jana, nadhani hapana.
Lakini zile siku tisa za maboksi ya ndizi
Bi Earlene alikuja akaikuta rafu tupu,
akashika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.
Hakuniomba kitu.
Nilikwenda stoo, nikapapasa gizani,
nikampa moja kwa mlango wa nyuma, na pesa nilipokea.
Sheria ilikuwa imelala upande gani usiku ule?
Hata Jignesh sijamwambia.

Wakili alinitoza dola mia mbili, akajibu: inategemea.
Nikamuuliza inategemea nini.
Akasema: tarehe.

Taa za gari zinageuka kuingia.
Kalamu naichomeka sikioni.
Kijana wa malori, macho mekundu kwa barabara tu, nadhani,
anamnyooshea chura kidole.
"Hizi bado ni halali?"

Natazama saa ya ukutani.
"Mpaka sasa hivi," nasema.
"Kitambulisho."